Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Tuitazame Simu ya Mzazi

LAWAMA za wazazi dhidi ya watoto wao kuhusu matumizi ya simu zimekuwa nyingi mno siku hizi, na wala si lawama za bure. Mtoto aliyelelewa vyema Tukuyu au Kalenga, ambaye akikutana na mtu mzima njiani husimama pembeni, akainamisha kichwa na kusalimia kabla hajapita, mtoto huyo huyo akishika simu ya mama yake huandika katika kundi la wenzake maneno ambayo hata mlevi wa kilabuni angeona haya kuyatamka mbele ya watu. Humwita mwenzake kwa jina la kilema chake. Huchukua picha ya mwenzake aliyepigwa akiwa amefumba macho na kuachama, akaigeuza stika, nayo ikazunguka makundi matano kabla ya magharibi. Matokeo ya mitihani yanapotoka ndipo dhihaka inapopamba moto. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, lakini watoto hawakuacha kutafutana. Namba za mtihani za wenzao wanazijua kwa moyo, na aliyepata daraja sifuri hufahamishwa na wenzake kwa vikaragosi vya kicheko kabla baba yake hajapata habari.

Wazazi wanauliza adabu ile ya njiani imekwenda wapi. Jawabu letu huenda likawakera baadhi ya wasomaji. Adabu ile haijaenda popote. Mtoto aliwaona wakubwa wakisalimia njiani, naye akasalimia. Kisha akawaona wakubwa hao hao wakiwa na simu mkononi, naye akayafanya aliyoyaona. Kwa hiyo, kabla hatujauliza namna ya kumfundisha mtoto upole na heshima mtandaoni, hatuna budi kuuliza ni somo gani ambalo amekwisha kufundishwa. Na kwa watoto wa Nyanda za Juu Kusini, masomo hayo yanajulikana kwa tarehe.

Somo la kwanza ni la Oktoba 2016. Mapema mwezi huo ilisambaa nchi nzima video iliyopigwa katika chumba cha walimu cha Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya, ambayo wengi huiita Mbeya Day. Ilimwonesha mwanafunzi wa kidato cha tatu akipigwa na kundi la vijana waliokuwa shuleni hapo kwa mazoezi ya kufundisha. Taifa lilishtuka, Serikali ikachukua hatua haraka, na waliohusika wakafukuzwa vyuoni. Juu ya hatua hizo hatuna neno.

Lakini lilikuwapo jambo la pili ambalo halikuzungumzwa sana. Video ile ilipigwa na mmoja wa waliokuwemo chumbani, naye hakuwa na mikono zaidi ya miwili. Katika saa ile mikono hiyo haikunyooshwa kuzuia kipigo, ilikuwa imeshika simu. Kisha sura ya mtoto, ikiwa wazi kabisa, na baadaye jina lake, vikapita katika simu za watu ambao hawakuwa na uwezo wowote wa kumsaidia. Wapo waliosambaza kwa uchungu wa kweli, na tunakubali kwamba pasipo video ile huenda jambo lingeishia chumbani mle. Hata hivyo, kupeleka ushahidi kwa mwenye mamlaka ni jambo moja, na kumtembeza mtoto aliyedhalilishwa mbele ya mamilioni ya macho ni jambo jingine. Hapakuwa na ugumu wowote kuficha uso wake. Hapakuwa na haja ya mtu wa Mwanza au Muscat kulijua jina lake. Uislamu una neno kwa hilo, nalo ni sitara. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayemsitiri Muislamu mwenziwe hapa duniani, naye atasitiriwa na Mola wake Siku ya Kiyama. Ni wangapi kati ya waliobonyeza kitufe cha kusambaza mwaka ule waliokumbuka kwamba aliyelala sakafuni ni mtoto wa mtu, na kwamba Jumatatu atarudi darasani?

Somo la pili lilitolewa miaka mitatu baadaye, mkoani humo humo. Katika Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, mabweni yaliungua moto, ikadaiwa kwamba chanzo kilikuwa hasira ya wanafunzi walionyang'anywa simu. Oktoba 3, 2019, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa viboko wanafunzi 14 wa kidato cha tano na cha sita mbele ya kadamnasi. Kamera zilikuwapo. Picha za vijana wale wakiwa wamelala chini zikaenea kwa njia ile ile waliyokuwa wakichapwa kwa ajili yake, yaani simu. Kanuni za elimu zinampa mamlaka ya kiboko mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na mkuu wa mkoa hatajwi humo. Wapo waliolisema hilo, lakini Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, alimpongeza mkuu huyo hadharani.

Hatuandiki haya kutetea uchomaji wa mabweni. Anayechoma bweni ambamo wenzake hulala amefanya kosa kubwa, na sheria ipo. Tunalotaka msomaji alitafakari ni hili: vijana wale 14 walijifunza nini siku ile kuhusu simu? Walijifunza kwamba kuwa nayo ni dhambi, na kwamba mwenye nguvu anaweza kuitumia kuonesha fedheha ya asiye na nguvu, akapigiwa makofi. Hakuna aliyewaambia neno hata moja kuhusu nini cha kuandika, nini cha kunyamazia, na nani anayeumia upande wa pili. Miezi michache baadaye wa kidato cha sita kati yao walitarajiwa kumaliza shule, kurudi nyumbani na kununuliwa simu.

Huo ndio utaratibu wetu hadi leo. Katika shule zetu za bweni mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, nasi hatuna ugomvi na katazo hilo kwa kuwa lina faida zake katika masomo. Ila katazo halimfundishi mtu adabu ya kitu alichokatazwa. Likizo ya Juni inapofika, wakati baridi ya Mbeya na Makete imekaza na watoto wamejikunyata jikoni karibu na moto, simu ya mzazi hushuka mikononi mwao kutwa nzima. Anayeyaona makundi ya simu hiyo huyaona yote, likiwemo kundi la ukoo.

Na ndani ya kundi la ukoo kuna nini? Hapa tuizungumze barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupanda mlima Kitonga, ikapita Iringa, Mafinga, Makambako na Uyole hadi Mbeya na mpaka wa Zambia, na wakazi wake wanajua idadi ya misiba iliyotokea humo. Machi 11, 2015, eneo la Changarawe, Mafinga, kontena lililokuwa limebebwa na lori liliangukia basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Tangu simu zenye kamera zienee, ajali katika barabara hii zina desturi mpya. Picha hufika kabla ya gari la wagonjwa. Maiti aliyepasuka, mguu uliotoka kiatu, mama akiwa uchi kwa jinsi nguo zilivyochanika, vyote hutumwa na watu wenye akili timamu, tena wengine na vilemba vyao, kwa maneno machache ya kumtaka kila mmoja aombe dua. Ipo siku mmoja wa wapokeaji atakuwa mtoto anayemsubiri baba yake, naye atamtambua kwa shati.

Mtu aliyetuma picha kama hiyo asubuhi hana uso wa kumkaripia mwanawe jioni kwa kumgeuza mwenzake stika. Tendo ni moja. Kila mmoja wao amemchukua mtu akiwa katika hali asiyopenda kuonekana, akamfanya kitu cha kutazamwa. Tofauti ni kwamba mtoto alikusudia kuchekesha, na mkubwa alidhani anatoa taarifa. Surat Hujurat, katika aya ya 11 na ya 12, imekusanya karibu kila kosa linalofanyika katika makundi hayo: kudharauliana, kutiana aibu, kuitana majina mabaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Aya hizo ziliwasemesha watu wazima. Wala hazikusubiri simu.

Itasemwa kwamba watoto wana lao, na kwamba ujana siku zote una ukali wake wanapokuwa wao kwa wao. Ni kweli, na wazee wa Nyanda za Juu walilijua hilo kuliko tunavyolijua sisi. Msomi Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1951, ameeleza desturi ambayo haikuwa na mfano mwingi barani Afrika. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi, alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda kulala na wenzake wa rika lake katika vibanda walivyojijengea wenyewe, na kijiji hicho cha rika kikakua pamoja nao hadi wanaoa. Wanyakyusa walikuwa na neno la jambo walilolitafuta humo, *ukwangala*, yaani raha ya kukaa pamoja kwa mazungumzo mema. Waliamini kwamba adabu na hekima mtu huzipata kwa kuzungumza na wenzake walio sawa naye, si kwa kukaa kimya mbele ya baba tu.

Tumeileta habari hiyo kwa sababu kundi la WhatsApp la watoto wa kidato cha pili ni kijiji cha rika kwa kila hali, isipokuwa moja. Wavulana wale wa Rungwe walilala kwao, lakini chakula walikula kwa mama zao, wakienda pamoja leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Kila siku, basi, mama fulani aliwaona, akasikia wanavyosemezana, akajua nani ananyanyaswa na nani amenuna. Kijiji cha simu hakina mama anayepakua ugali. Watoto hamsini hukaa humo usiku kucha wakisemezana, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayejua ni nani kati yao hajala siku tatu kwa fedheha.

Walikuwa pia na imani kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mtu yanaweza kumtia ugonjwa, wakaiita pumzi ya watu. Sisi tunaoamini kwamba madhara na manufaa yako mikononi mwa Allah peke yake hatuifuati itikadi hiyo. Lakini aliyewahi kumuuguza mtoto aliyekataa kwenda shule kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa juu yake usiku, akaona homa isiyo na malaria na tumbo linalouma kila Jumatatu, ataelewa walichokuwa wakikitazama wazee wale hata kama walikitafsiri kwa namna yao.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inamkataza mtu katika kifungu cha 23 kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha mwingine, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Bunge lilipoitunga liliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai katika nchi yetu, na hakuna mzazi mwenye akili atakayetamani kumwona hata wa miaka 15 kizimbani kwa sababu ya stika. Sheria hiyo haiwezi kulea. Ina faida moja ndogo kwa mzazi mzembe: kumshtua.

Na hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Kitambulisho cha Taifa hupewa mtu aliyetimiza miaka 18, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kwa hiyo laini anayoitumia mtoto, kwa kawaida, imesajiliwa kwa kidole cha baba au mama. Tusi likiandikwa saa sita za usiku katika kundi la darasa, kumbukumbu za kampuni ya simu zitasema limetoka kwa mama Fulani wa Ilala, Iringa, au kwa mzee Fulani wa Mwanjelwa, mjumbe wa kamati ya msikiti. Surat Yasin, aya ya 65, inatueleza kwamba ipo siku vinywa vitazibwa, mikono ndiyo iseme. Vizazi vilivyotutangulia waliiamini aya hiyo bila ya kuona mfano. Sisi tumeoneshwa mfano wake kaunta ya kusajili laini.

Sasa mtoto afundishwe vipi? Yupo sahaba mmoja ambaye kisa chake kinafaa kusomwa katika kila madrasa. Abu Dharr (R.A.) alimtusi mtu kwa kumtaja mama yake kwa dharau, tusi lile lile ambalo watoto wetu wanarushiana kila jioni kana kwamba ni salamu. Habari zikamfikia Mtume (S.A.W.). Hakumchapa, wala hakumkusanyia watu wa kumzomea. Alimuuliza iwapo kweli amemwaibisha mtu yule kwa mama yake, akamwambia kwamba bado amebakiwa na kitu cha ujahiliya. Kisha akamweleza kuwa walio chini yetu ni ndugu zetu, wale tunachokula na wavae tunachovaa. Tunakijua kisa hiki kwa sababu miaka mingi baadaye, huko Rabadha, mtu mmoja alimkuta Abu Dharr na mtumishi wake wamevaa nguo za aina moja, akastaajabu na kumuuliza sababu. Ndipo alipomsimulia. Imamu Bukhari ameipokea habari hiyo.

Tazama ilivyokuwa. Kosa lilikuwa la ulimi, na dawa yake ikawa swali la kweli kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitukana. Fundisho likadumu hadi likaonekana katika mavazi. Ndiyo maana tunadhani kiboko cha Chunya, hata kama kilikuwa na nia njema, kilipotea bure. Na ndiyo maana mzazi anayetaka mwanawe awe mpole simuni hana njia ya mkato ila yeye kuwa wa kwanza.

Tunawaomba walimu wa madrasa, kuanzia Mbeya mjini hadi Mufindi, wasiiogope mada hii kwa kudhani ni ya kitaalamu. Haihitaji kompyuta. Ustadhi anayefundisha adabu za kuingia nyumba ya mtu, kubisha hodi, kutoa salamu mara tatu na kurudi asipoitikiwa, amebakiwa na hatua moja tu: kuwaambia watoto kwamba simu ya mtu ni nyumba yake na uso wa mtu ni mali yake. Mtoto wa Kinyakyusa huanza na *ugonile* na mtoto wa Kihehe huanza na *kamwene* kabla ya kusema shida yake. Aulizwe ni kwa nini akiwa na simu anaanza na shida, tena shida yenyewe ikiwa ni mwenzake. Aulizwe bila ukali, mbele ya wenzake wanaofanya vile vile, na aachwe ajibu. Watoto hawakosi majibu wakiulizwa kwa heshima.

Walimu wa sekondari nao, ambao tunajua mzigo wao, wasingoje tukio. Barza la Ijumaa au mkutano wa asubuhi wenye dakika kumi za kuzungumzia stika iliyomliza mtoto fulani, bila kumtaja mtoto huyo wala kuionesha stika yenyewe, utafanya kazi kuliko msako wa simu mabwenini.

Wazazi tunawaomba jambo moja dogo lililo zito. Likizo ijayo, kabla ya kumkabidhi mtoto simu, kaa naye jamvini uifungue mwenyewe. Usianze na makundi yake. Anza na la ukoo, au la wanakamati, au la wanafunzi wenzako wa zamani. Someni pamoja jumbe ishirini za mwisho, moja baada ya nyingine, zikiwemo ulizotuma wewe. Kwa kila ujumbe unaomtaja mtu, au wenye picha ya mtu, muulize mtoto: huyu angekuwa ameketi hapa nasi, tungemsomea? Ule ambao mtoto atasema hapana, ufute yeye akiona, na kama ni wewe uliyeutuma, muandikie uliyemtumia umwombe aufute pia. Baada ya hapo ndipo umpe simu.